Upande wa Kushoto Ulionyamaza

Sikio langu la kushoto lilianza kutoa maji wakati wa kuvuna pamba, na mimi nikaliacha. Hilo ndilo la kwanza ninalotaka lijulikane. Halikuuma, na mwanamke mwenye pacha wa miaka mitano, shamba, na kazi mjini, hana nafasi ya kushughulikia kitu kisichouma. Nilichukua pamba ile ile tuliyokuwa tunavuna, nikaviringisha kipande, nikaziba, nikaendelea. Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wenye masikio yanayotoa maji, ambao wameambiwa ni jambo dogo, litakauka lenyewe. Langu halikukauka. Lilinila kwa miaka mitatu kasoro, likachukua kazi yangu na nusu ya uso wangu, na nusura limchukue mtoto.

Naitwa Anjelina, lakini Ngokolo, mjini Shinyanga, watu wananiita Mama Kulwa. Wanangu ni Kulwa na Doto, wasichana wote wawili. Baba yao, Lukas, alikuwa mkulima wa pamba, mtu mpole asiye na maneno mengi. Mimi nilikuwa na kazi ambayo majirani hawakuielewa vizuri. Nilikuwa narekodi sauti.

Parokia yetu ilikuwa na padre mzee, mgeni, Padre Huberti, aliyekaa Usukumani mpaka Kisukuma chake kikawashinda vijana wetu. Alipenda kuwatembelea wagonjwa wa muda mrefu, wenye kifua kikuu na waliovunjika migongo, watu wanaolala miezi wakiangalia dari. Aliwapelekea redio, wakaichoka. Ndipo akaleta kinasa sauti chenye maikrofoni mbili ndogo, kila moja kama punje ya karanga, pamoja na hedifoni, zile za kufunika masikio yote mawili. Aliniambia kwamba mtu mwenye masikio mawili hasikii tu kinachosemwa. Anajua kilipo, kama kiko karibu au mbali, kinakuja au kinaondoka. Kwa hiyo maikrofoni zile hazikuwekwa mezani. Zilibanwa kwenye masikio yangu, moja huku na moja kule, kanga ikafunika juu, kinasa sauti kikaning'inia begani, nami nikaenda sokoni, kisimani, kanisani, na kwenye ngoma ya bugobogobo ambako wachezaji hurusha majembe juu na kuyadaka. Nilichosikia mimi ndicho alichokuja kusikia mgonjwa. Ilibidi nisigeuze kichwa hovyo, maana nikigeuka, soko zima linageuka ndani ya kichwa chake.

Namkumbuka mzee mmoja ambaye hakuwa ameinuka kitandani tangu palizi hadi mavuno. Nilimvalisha hedifoni, nikamwekea kanda ya ng'ombe wakinywa maji lamboni. Baada ya muda alinyoosha mkono wa kulia, akawa anasukuma kitu hewani. Nilimuuliza anafanya nini. Alisema, "Huyu ndama ananikanyaga."

Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nayo.

Mvua za kwanza zilipokuwa zimeshanyesha, nilikaa kusikiliza kanda ya kwaya niliyorekodi Jumapili. Wanaume husimama kushoto. Siku hiyo kushoto hakukuwa na kitu. Nilidhani waya umekatika. Niliutikisa, nikauchomeka upya, nikasafisha ncha yake kwa kanga. Mwisho nikavua hedifoni, nikazigeuza, ya kushoto ikaja kulia. Wanaume wakaimba, wazima kabisa, na wanawake wakasogea mbali kama wametoka nje. Nikazigeuza tena. Wanawake wakarudi, wanaume wakaondoka. Waya ulikuwa mzima. Nilizivua, nikaziweka mezani polepole, nikakaa.

Padre Huberti aliniambia nifumbe macho nimwonyeshe anapopiga makofi. Nilionyesha dirishani. Nilipofumbua macho alikuwa amesimama mlangoni, upande wa pili kabisa. Alivuta kiti akakaa, na nilipomwona amekaa, ndipo nilipoogopa.

Kuanzia hapo niliihesabu miezi kwa sindano. Sindano za kwanza za penisilini nilichomwa wakati wa kupanda, za pili mtama ulipofika magotini, za tatu wakati wa kuvuna. Kila safari ilikuwa ya siku kumi, na kila siku ilikuwa benchi la zahanati tangu asubuhi. Miaka ile dawa zilikuja na kukatika. Sindano zikiwepo, maji ya kuchanganyia dawa hayapo. Maji yakipatikana, mganga msaidizi amekwenda semina. Usaha ulipungua kila nilipochomwa na kurudi kila nilipoacha, na ulirudi na harufu. Sitaificha harufu hiyo, maana anayeisoma hii huenda anayo na anadhani yuko peke yake. Ilikuwa kama panya aliyefia darini. Nilifunga kanga mpaka shingoni, hata jua likiwa kali, na bado kwenye benchi watu walisogea, kidogo kidogo, kwa adabu, mpaka ninabaki na nafasi ya watu wawili kila upande. Kulwa alihama mkeka, akawa analala upande wa miguu.

Siku moja mama mmoja mnene alikuja akaketi nafasi ile ile waliyoihama wengine. Nilimwambia asikae hapo, sikio langu linanuka. Alifungua kitambaa, akatoa michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, akanimegea. "Mimi mafua yameniziba tangu Jumapili," alisema. "Kaa tule." Sikuwahi kumwona tena. Katika miezi ile hilo ndilo jambo jema ninalolikumbuka vizuri zaidi.

Nyumbani ilikuwa ngumu kuliko zahanati. Mama mkwe wangu aliishi nasi. Alikuwa na mazoea ya kuniita akiwa jikoni, na jiko letu lilikuwa kushoto mwa mlango nilipopenda kukaa. Aliita, sikuitika. Kwetu mkwe asiyeitika hatafutiwi neno lingine ila dharau. Nilimweleza kwamba upande ule umekufa. Alisema mbona nikiitwa kula nasikia. Hata hivyo ndiye aliyechemsha mafuta na majani, akanilaza pajani pake, akanidondoshea sikioni tone moja moja, akiniuliza kama ni ya moto sana. Mafuta yale hayakunisaidia, na baadaye nilielezwa kwamba yaliniumiza. Lakini siku hizo hakuna mwingine aliyekuwa tayari kukishika kichwa changu.

Lukas naye alizoea kuongea nami jioni tukiwa tumekaa mkekani, akiangalia moto, sauti yake ikiwa chini. Alikaa kushoto kwangu tangu tulipooana. Mimi sikuona midomo yake ikicheza. Aliniuliza kitu, nikanyamaza. Aliniuliza tena siku nyingine, nikanyamaza. Nilikuwa nimemwambia sikio limeziba, lakini yeye aliona namjibu Padre, namjibu jirani, nawajibu watoto, na yeye tu simjibu. Akaacha kuniuliza. Pamba ya mwaka ule ilipoharibika, aliondoka kwenda Nyarugusu, upande wa Geita, kuchimba dhahabu, na sikuambiwa siku ya kuondoka. Baadaye alisema aliniambia mara mbili.

Kazi niliiacha mwenyewe. Usaha uliilowesha maikrofoni ya kushoto, ikafa. Padre alisema tutaagiza nyingine, nami nilimwambia ataagiza maikrofoni, sikio ataliagiza wapi. Ni neno baya kumwambia mzee.

Kiangazi kilichofuata mama mkwe alisema mke hakai mbali na mumewe, hasa mke ambaye tayari watu wanamsema. Nikawachukua pacha, tukamfuata Lukas. Nyarugusu wakati huo ilikuwa vibanda vya nyasi na maturubai, watu wa kila kabila, na mashimo ya dhahabu ambayo wenyewe huyaita maduara, mengine yanachimbwa, mengine yameachwa na majani yameota juu. Lukas alitupokea vizuri, kama mtu anavyopokea wageni. Alilala akinigeuzia mgongo.

Wiki ya tatu nilikuwa nakunywa uji asubuhi, uji ukamwagika kifuani. Nilidhani nimekosea kikombe. Nikanywa tena, ukamwagika tena. Upande wa kushoto wa mdomo ulikuwa umelegea, na jicho la upande huo halikufumba. Doto alinitazama akacheka, akidhani ninamchezea. Aliponyamaza nilijua uso wangu umekuwaje. Wachimbaji walisema nimerogwa. Mganga mmoja wa kienyeji alinichanja chale nyuma ya sikio. Kisha kizunguzungu kikaanza, nikawa natembea nimeshika ukuta wa kibanda.

Siku chache baadaye, jua likiwa limepanda, nilikuwa naanika nguo. Kulwa alikuwa karibu nami. Doto alikuwa amekwenda kuchuma mboga za mwitu nyuma ya vibanda. Nikamsikia akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu!"

Nilisikia mara ya kwanza alipoita. Nataka hilo liandikwe. Ilikuwa sauti ya mtoto anayeogopa kweli, na mama anaijua. Kwangu sauti ile ilitoka kulia, kwa sababu kila sauti duniani kwangu ilitoka kulia. Nikakimbia kulia, kuelekea walipokuwa wanawake wakisafisha mchanga. "Mayu!" Sauti ilikuwa inapungua. Nikageuka, na nilipogeuka ikahamia upande mwingine, nikaifuata, ikahama tena. Kulwa alinivuta kanga akinielekeza kwa mkono, mimi nikamsukuma, nikadhani ananizuia. Ardhi ikapinduka. Nilianguka, nikaendelea kwa magoti, huku nikimsikia mwanangu ananiita katikati ya kichwa changu na sijui yuko wapi.

Lukas alikuwa anarudi kutoka machimboni. Aliniona. Aliona pia duara la zamani, majani ya juu yamebomokea ndani, nyuma ya vibanda upande wa kushoto, hatua kama arobaini, na akamsikia Doto ndani yake. Yeye na mwenzake waliteremsha kamba. Doto alitoka na mguu umevunjika juu ya kifundo, uso umejaa udongo. Alikuwa ameacha kuita.

Walipomlaza kivulini, Lukas alikuja nilipokuwa bado nimepiga magoti. Alisimama mbele yangu, mahali ninapoweza kumwona.

"Mama Kulwa, ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Kwake."

Alitazama duara, akatazama njia niliyoikimbia, akatazama duara tena. Alikaa chini kwenye vumbi.

"Mimi nilidhani umenichoka," alisema.

Kesho yake lori la mawe lilitupeleka Geita hospitalini. Daktari alimfunga Doto plasta, kisha akaniinua kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga, akamwambia Lukas kwamba mgonjwa mkubwa hapa si mtoto. Alitaka nifike Mwanza upesi. Tulimwita mama mkwe, akaja kwa basi kutoka Shinyanga na kikapu cha michembe, akatandika kanga sakafuni kando ya kitanda cha Doto, na Kulwa akalala naye. Alinishika nyuma ya shingo, kwa muda, halafu akaniambia niende. Nilimwinamia Doto kumuaga. Aligeuza uso ukutani.

Mimi na Lukas tulivuka ziwa kwa pantoni nikiwa nimelala juu ya magunia, kwa sababu sikuweza kusimama. Katika hospitali kubwa ya Mwanza tulingoja wiki tatu. Kuna korido pale yenye benchi refu, na niliijua kila kokoto ya sakafu yake. Nilijifunza kukaa mwisho wa benchi, sikio zima likielekea mlango wa daktari, na bado nilikosa kusikia jina langu mara mbili, nikarudishwa nyuma ya foleni. Baada ya hapo Lukas alisimama mlangoni kila siku ili anifanyie ishara kwa mkono.

Daktari wa masikio alikuwa mwanamke, mfupi, mwenye sauti kavu. Hakunifariji. Alisema ugonjwa umekula mfupa, na kilichobaki kati yake na ubongo ni kama ganda la yai.

"Sikio hilo siwezi kukurudishia," alisema. "Naweza kukuzuia usife."

Lukas aliuliza habari ya uso. Alisema hajui. Nikatia saini.

Mambo ya chumba cha upasuaji siyajui, na sitayabuni. Nilizinduka kichwa kimefungwa kama tikiti na kitanda kinazunguka. Kilizunguka siku kumi na moja. Nilitapika hata maji. Walikuwa wamenyoa nusu ya nywele. Wauguzi waliponiita niligeuka kila upande kama kuku aliyefungwa miguu. Siku ya tano nilimwambia Lukas anirudishe nyumbani nikafie huko, nilikuwa nimechoka kusikia watu nisiojua walipo. Nilisema kweli, sikuwa natafuta kubembelezwa. Lukas hakunibembeleza. Alichukua mkono wangu akauweka juu ya koo lake, akaongea. Sikumbuki alisema nini, nadhani ni habari za shamba. Nilihisi maneno vidoleni, nikajua yuko pale. Alifanya hivyo kila siku hadi nilipotoka.

Tulipitia Geita kuwachukua watoto na bibi yao, tukarudi Ngokolo watu wakianza kupanda. Usaha ulikuwa umekauka, harufu imekwisha, na Kulwa alirudi kulala karibu yangu. Nilikuta begi limeletwa na katekista. Padre Huberti alikuwa ameugua, amerudishwa kwao, na ameniachia kinasa sauti, hedifoni na kanda zote. Barua yake ilikuwa na mistari minne. Aliomba nisiziache ziliwe na mchwa.

Doto hakuwa ananisemesha. Mguu ulikuwa umeunga, anachechemea kidogo, anacheza na wenziwe, anamsimulia bibi yake kila kitu, lakini akitaka kitu kwangu alimtuma Kulwa. Nikimkaribia aliondoka bila kelele. Nilijiambia ni mtoto, atasahau. Palizi ikaja, ikapita. Siku moja tulikuwa tunamenya karanga, sisi wawili tu, kwa bahati, nami nikamuuliza amekasirikia nini.

Hakuinua uso. "Nilisikia miguu yako," alisema. "Nikaita, ikaenda mbali. Nikaita tena, ikaenda mbali zaidi."

Karanga zilinidondoka. Miezi yote ile nilikuwa nalia kwamba nilishindwa kusikia sauti yake inatoka wapi, na sikuwahi kufikiri alichosikia yeye mle shimoni, na masikio yake mawili mazima.

Nilikwenda ndani nikaleta kinasa sauti. Nilimvalisha hedifoni, zikamfunika mpaka mashavuni, nikaweka kanda ya soko. Macho yalimtoka. Nilimuuliza muuza dagaa yuko wapi, akaonyesha kushoto. Baiskeli je? Kidole chake kiliifuata kutoka bega hadi bega. Mbuzi alikuwa nyuma, akageuka kumtafuta. Kisha nikaivuta ya kushoto nje ya sikio lake, nikaliziba kwa pamba, nikabonyeza kwa kiganja.

"Baiskeli iko wapi sasa?"

Aligusa sikio lake la kulia. "Hapa."

"Na muuza dagaa?"

"Hapa."

"Na mbuzi?"

Kidole hakikuondoka sikioni. "Wote wako hapa," alisema.

"Siku ile na wewe ulikuwa hapa," nilimwambia, nikagusa sikio langu la kulia. "Kwa hiyo nilikimbilia huku. Nilikuwa nakuja, Doto. Nilikuwa nakuja kwa nguvu zangu zote."

Alikaa na hedifoni zake mpaka kanda ikaisha. Kisha alihama kutoka kushoto kwangu akaja kukaa kulia, akavuta ungo, akaendelea kumenya. Ungo ulipojaa, aliniuliza kama karanga zile tutazichemsha au tutazikaanga. Lilikuwa swali lake la kwanza kwangu tangu Nyarugusu.

Sasa miaka imepita. Uso umerudi karibu wote, ila nikicheka unaenda upande, na jicho linatoa machozi kukiwa na upepo. Kuvuka barabara bado naogopa, naangalia kila upande kama mgeni wa mjini. Sauti za watu wengi pamoja zinanichosha mpaka nataka kukimbia. Anayekuambia utazoea, mwambie mazoea ni kazi, na kuna siku hutaki kuifanya. Lakini usiliache sikio linalotoa maji kwa sababu haliumi. Usitie mafuta. Usikubali kurudishwa nyumbani mara ya nne. Na uwaambie wa nyumbani kwako, si mara moja, wala si kwa maneno matupu. Washike mkono uwaonyeshe upande uliokufa.

Mwezi uliopita nilikuwa zahanati kwa ajili ya shinikizo la damu. Mbele yangu alikaa mama kijana na binti yake wa miaka kama sita. Mama alimwita, mtoto akaendelea kuchezea kamba ya gauni. Akamwita tena. Mara ya tatu akampiga kibao cha mgongo, akatuambia sisi wa benchini kwamba mtoto huyu ana kiburi cha kuzaliwa nacho, hata mwalimu wake ameshamchoka.

Niliona pamba kwenye sikio la mtoto, chafu, ya siku nyingi.

Niliinuka, nikazunguka benchi, nikachutama upande wake mwingine. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, anaitwa nani.

Aligeuka papo hapo, akaniambia.